Mwanzia na Kitabu cha Vijiji vya Kibera

Shemeji yangu Mwanzia alikuwa fundi wa milango, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: maswali. Hakuwahi kumwekea mtu mlango Kibera kabla ya kumuuliza alizaliwa wapi, alifika lini, na nani alijenga hapo kwanza. Watu walimjibu kwa sababu walitaka mlango.

Tabia hii aliitoa kwa Mskoti mmoja, mwalimu aliyekaa Lavington, aliyemwita kumtengenezea rafu. Kati ya vitabu vya yule mwalimu kulikuwa na kimoja cha miji na vijiji vya jimbo la mashambani huko kwao. Mwanzia alinijia na hasira, utadhani mimi ndiye niliyekiandika.

"Wayua, kijiji cha watu mia mbili na kanisa lililobomoka kimepewa kurasa sita. Lindi yetu ya hapa Kibera je? Silanga? Makina, iliyokuwako kabla hatujazaliwa?"

Akanunua daftari kubwa la jalada gumu, na kwa miaka kumi na minane akaliandika, kijiji kwa kijiji, mlango kwa mlango. Na kwa kuwa hakujua kunyamaza, Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa akiwasomea watu. Nilimwambia mdomo utamponza. Dada yangu Nzilani, mkewe, alimwambia pia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Matokeo ya kura yakatangazwa, Kibera ikawaka, watu wakisakwa kwa kabila lao. Mwanzia, kwa kuwa ni Mkamba, hakuguswa. Januari, alasiri moja, akaja Wekulo, kijana ambaye yeye alimwekea mlango mwaka uliotangulia, na wenzake watano.

"Niaje mzee. Tunataka ile kitabu yako."

"Ya nini?"

"Kuna watu wamejificha kwa hizi ploti. Kitabu inawajua. Kesho asubuhi tunaikujia."

Kitabu kiliwajua, kweli. Kilimjua Mama Immaculate wa Lindi, muuza maharagwe, mjane wa Mukhwana. Lindi nzima ilimdhania Mbukusu kama marehemu mumewe, na Kibukusu chake hakikuwa na doa. Mwanzia peke yake ndiye aliyeandika, katika ukurasa ambao hakuwa bado amewasomea watu, kwamba ni Wakarima binti Kiragu, mzaliwa wa Murang'a, wa kabila lile lililokuwa likisakwa. Alimwambia mwenyewe siku ya mlango, akicheka.

Nzilani anasema usiku ule Mwanzia alikichana karatasi moja moja, akiisoma kila moja kabla ya kuitia kwenye jiko. Alilia. Nisingeamini, ila dada yangu si mtu wa kutia chumvi. Kulipokucha akamtuma mkewe aje kwangu Kabiro, hapa Kawangware, yeye akabaki kuwangoja.

Wekulo alipoambiwa kitabu kimeungua, hakukasirika.

"Hakuna shida, mzee. Si iko kwa kichwa? Wewe tembea tu na sisi, unaonyesha na kidole."

Hilo hakuwa amelifikiria. Akasema, "Wacha nivae viatu," akaingia ndani, akabandua bati la ukuta wa nyuma na kupenya. Saa nne alikuwa kwangu, hana koti wala sanduku la vifaa, viatu vimejaa matope.

"Wangekupiga, ungesema?" nilimuuliza.

"Sijui," akasema. "Ndiyo sababu nimekuja."

Nilikuwa nimemdharau miaka mingi kwa ule mdomo wake. Siku hiyo nilimheshimu, nikaona haya.

Amani ilirudi, yeye hakurudi. Anaweka milango hapa Kawangware na daftari hataki kuliona. Mama Immaculate yuko palepale Lindi, na nikienda kumtembelea rafiki huko hununua maharagwe kwake. Kila mara ananiambia lile lile.

"Huyo shemeji yako ni mwoga sana. Sisi wote tulikaa hapa, yeye ambaye hakuna mtu alikuwa anamtafuta ndiye alitoroka, hata kuaga hakuaga."

Mwanzia amenikataza kumweleza. Basi napokea maharagwe yangu, namwambia ni kweli, ni mwoga.