Nyumba Iliyolambwa na Mbuzi

Kamba yetu ya kuhamia ilikuwa ya katani, ndefu, imekuwa nyeusi pale iliposhikwa sana. Ilifunga godoro kutoka Mwingi hadi Kitui mjini, kutoka Kitui hadi Mbumbuni, kisha ikapanda nasi Nunguni. Kila tulipofika, mke wangu aliikunja na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilikuwa nikitunza stoo ya mkandarasi wa barabara. Nusu ya safari zile zilitokana na kazi. Nusu nyingine zilitokana na mimi. Nikikaa mahali, natamani nilikotoka. Nikiondoka, naanza kupakumbuka hapo nilipopaacha.

Nunguni ndiko alikoniambia, akipepeta maharagwe, bila hasira yoyote, "Baba watoto, nitahama mara moja tu tena. Ukitaka kuhama baada ya hapo, utahama peke yako. Mimi na watoto tutaenda kwa mama."

Nilijua hatanii. Nikaanza kutafuta nyumba.

Kwetu mtu hujenga mwenyewe, matofali mwaka huu, mabati mwaka ule akijaliwa. Mimi sikuwa na subira hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa Kitui, ambaye babu zake walitoka pwani, alikuwa amejenga nyumba nne kwa safu kule Malili, si mbali na barabara ya Mombasa, ili aziuze. Ndugu yangu mkubwa aliposikia alicheka. "Nyumba ya kununua imeiva, kama chapati?"

Mwenye nyumba alitutembeza akigonga kuta kwa ngumi. "Mpya hii, bwana. Hakuna aliyeugua humu, hakuna waliogombana humu. Mtaanza nyinyi."

"Tutaanza leo," mke wangu alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona akitabasamu. Sakafu ilikuwa laini. Kuta zilipakwa rangi ya maziwa. Tulihamia msimu wa kiangazi, na ile kamba ikaenda nyuma ya mlango.

Mvua zilipopita, unga mweupe ulitokea chini ya kuta. Mke wangu aliupangusa kwa kitambaa, ukarudi. Rangi ikavimba, ukiigusa inabanduka. Halafu asubuhi moja tukasikia mkwaruzo nje, kama mtu anapiga msasa. Tulikuta mbuzi wamejipanga ukutani, wanalamba nyumba. Mmoja alikuwa amefumba macho.

Mwenye mbuzi, mama mzee wa boma la jirani, alikuja polepole na fimbo yake.

"Mama, mbuzi wako wanakula nyumba yangu," nilimwambia.

"Wanakula chumvi, mwanangu. Nyumba watakuachia." Akaeleza kuwa wakati wa ujenzi silanga, lile bwawa letu la maji ya mvua, lilikuwa limekauka. Mafundi walichanganya simiti kwa maji ya kisima, na maji ya kisima kile hata chai hayapiki. "Sisi wanawake tuliwaona wakichota. Tukajua."

"Mbona hamkusema?"

"Tungemwambia nani? Nyumba haikuwa na mwenyewe."

Maneno hayo yalinichosha kuliko ule ukuta. Mtu akijenga kwake hupita kila jioni akiangalia, na jirani akiona kosa humwita. Sisi wakati ule tulikuwa Nunguni, kwenye ukungu, tukingoja kuletewa ufunguo.

Nilikwenda Kitui kumwona aliyetuuzia. Alinipa kiti na soda. "Chumvi, bwana? Kule kwa babu zangu kila nyumba ina chumvi, na zimesimama. Paka rangi."

"Huku si kule."

"Basi paka mara mbili," alisema, akageuka kumhudumia mteja.

Njiani kurudi nilikuwa nimeshahama moyoni. Niliwaza nyumba ya kupanga Mwingi, mtaa tuliokaa zamani, jioni zake, harufu ya mahamri kwa majirani zetu Waislamu. Dereva mmoja wa lori alikuwa radhi kutubeba. Nilijipangia namna ya kumwambia mke wangu, na kila namna iliishia kwa mama yake. Hata hivyo, nilipoingia ndani mkono wangu ulikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba na panga. Alikuwa ameikata kamba vipande vipande, anafungia matawi ya miiba kwenye nguzo kuzunguka kuta. Yule mama wa mbuzi alikuwa amemshikia nguzo moja, anahema.

"Umeikata," nilisema.

"Ulikuwa unaitakia nini?"

Alinitazama kidogo tu, kisha akarudia fundo lake.

"Baba watoto," mama mzee akaniita, "njoo ushike hii. Mimi mikono imeisha."

Niliweka mkoba chini nikashika. Mke wangu alipitisha kipande cha kamba, akakaza kwa goti. Kule barabarani lori lilikuwa likibadilisha gia kuelekea Nairobi, nami nililisikiliza mpaka likapotea.

"Usitikise," alisema.

Sikutikisa.