Nilipiga X nyekundu kwenye miti ya bustani Mtwara, nusura nimuue hondohondo

Habari zenu wakuu. Hii siyo chai, aliyepo Mtwara apite bustanini akajionee mwenyewe.

Mimi ni kijana wa Likombe, elimu yangu form four, ndoto zangu kubwa kuliko bando langu. Juzi kati walitafutwa vijana wa kujitolea kuchora ramani ya miti na viumbe wa bustani yetu ya mjini. Sharti ni simu janja na miguu. Nikasema hii ni yangu.

Kazi yenyewe tamu. Unasimama kwenye mti, app inashika location, unapima unene wa shina, unaandika jina la mti na nani anaishi humo. Kinyonga, popo, mnana, wote wanaandikwa.

Siku ya kwanza nikajikuta nimehesabu mwarobaini mmoja mara mbili. Nikajiona nina akili: nikanunua rangi nyekundu, kila mti niliomaliza napiga X.

Wakuu, mnajua nyumba ikipigwa X nyekundu Bongo kinachofuata ni nini: tingatinga. Mimi nilisahau.

Mti nilioupenda kuliko yote ni mkwaju mmoja wa pembeni. Una tundu, na humo hondohondo jike, yule ndege wa mdomo mkubwa, amejiziba kwa udongo anaatamia, kabakiza ufa mwembamba tu. Dume anamletea matunda na kumpitishia hapo. Nilimwangalia mpaka nikasahau kula.

Ijumaa natoka msikitini, nasikia chainsaw inanguruma. Kufika bustanini, tawi moja la ule mkwaju liko chini. Jamaa mmoja yuko juu na mashine, mwenzake kashika kamba. Bi Somoe, muuza mihogo ya kukaanga wa pale, ameshahamisha karai lake.

"Mjomba, zima kwanza."

"Nizime kwa nini? Mti una X, sisi tumewahi kuni."

"Hiyo X nimepiga mimi."

Bi Somoe akadakia, "Kumbe ni wewe? Nimebeba mafuta ya moto kwa ajili ya rangi yako?"

Nikawaambia kuna ndege ndani, hawezi kukimbia. Jamaa wa juu akacheka. "Ndege gani huyo, nyumba inabomolewa yeye kakaa?"

Nikamwomba dakika kumi. Akazima, shingo upande.

Tukangoja. Kumi zikaisha, hakuna kitu. Jamaa akaishika tena mashine yake.

Ndipo dume akatua, tunda mdomoni. Ncha ya mdomo wa jike ikachomoza kwenye ufa, ikapokea.

Jamaa akaiegesha mashine kwenye panda la mti. Halafu akasema taratibu, "Kumbe mna mwali humu."

"Na analetewa mpaka mdomoni," Bi Somoe akasema. "Sisi wengine tunajikaangia wenyewe."

Jamaa akashuka. Lile tawi wakamwachia Bi Somoe, fidia ya usumbufu.

Mimi jioni ile nilizunguka na ndoo ya chokaa nafuta X zote, mti kwa mti. Mkono ulikufa ganzi, roho nyeupe.

Nilichojifunza: kabla hujaweka alama mahali, waulize wanaoshinda pale wanaisomaje. Bi Somoe angenizuia kabla sijafungua kopo.

Ramani imekamilika. Kwenye mkwaju, sehemu ya wakazi, nimeandika: hondohondo wawili, mke yupo ndani.

Wajuzi wa ndege humu, jike na makinda wake huwa wanatoka baada ya muda gani? Bi Somoe amerudi pale pale na karai lake, na kila nikipita ananiuliza.