Hedifoni za Bibi Katika Eda

Iko alasiri moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka huisimamisha kazi iliyo mkononi. Nakuita mwanangu nami sijafika miaka thelathini, lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na juzi nilikuona ukiichana barua yako mara ya sita kwa sababu ya mwandiko. Nimeona nikuandikie kabla hujafika nilikofika mimi.

Babu alipofariki, Bibi alikaa eda katika nyumba yetu ya Mkomani. Wewe ulikuwa mdogo. Wanawake walikuja kukaa naye, na walipopungua akaniita chumbani akanionyesha kaseti moja aliyokuwa ameifunga ndani ya leso. Ilikuwa barua. Babu aliirekodi akiwa kijana, kazini Uarabuni, akampa msafiri amletee mkewe. Zama hizo simu zilikuwa shida, na watu walitumiana sauti.

"Kuna pahali karibu na mwisho," Bibi aliniambia, "alinitania neno, nikateka kicheko kikubwa mpaka mamangu akaja kutazama nina nini. Neno lenyewe limenitoka kitwani. Nataka nilisikie tena."

Hilo tu ndilo alilolitaka.

Stereo ya Babu ilikuwapo, deki ya kaseti, amplifaya na maspika mawili makubwa. Lakini masikio ya Bibi yalikuwa mazito, na ili asikie ingebidi sauti ipandishwe mpaka mtaa wote usikie. Mtaa wetu unaujua: jirani wa ng'ambo akipiga chafya, sisi ndio tunaomuombea rehema. Mjane aliye edani haifanyi nyumba yake ivume, na zaidi ya hayo Bibi aliona aibu maneno ya mumewe yasikiwe na wapita njia. Basi zikatakiwa hedifoni, na kazi nikapewa mimi niliyekuwa nikifungua redio za watu na kuzifunga. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kusoma kwenye simu na kwa kuunguza vitu, na mtu aliyejifunza hivyo huishi na hofu kwamba siku moja atatokea fundi wa kweli amuumbue.

Nilichomeka hedifoni zangu za simu kwenye tundu la amplifaya, nikamvika Bibi, nikabonyeza. Uso wake ukafunguka.

"Ni yeye! Namsikia, wallahi ni yeye!"

Nikamvua moja nikaweka sikioni mwangu. Besi ilikuwa imevimba, na sauti ya Babu kama inatoka ndani ya mtungi. Nikaizima.

"Mbona wanipokonya?"

"Sauti mbaya, Bibi. Hizi hazioani na mashine."

"Mbaya? Kwani mimi natafuta mwimbaji wa harusi?"

Bi Zainabu, jirani yetu aliyekuwa amekaa naye, akacheka. "Muwate afanye, Bi Rukia. Huyu akipika chai hupima majani kwa rula."

Nilichosema kilikuwa kweli, na huo ukweli ndio ulionipoteza. Amplifaya nyingi za zamani hupitisha umeme wa spika kwenye kizuizi kabla haujafika tundu la hedifoni, kwa hiyo tundu lenyewe lina ukinzani mkubwa. Ukinzani huo huhesabiwa kwa omu. Hedifoni za simu zina omu chache, na ukizichomeka hapo mara nyingi besi hutawala na maneno huzama. Tundu la namna hiyo linataka hedifoni zenye omu nyingi. Niliagiza za omu mia tatu kutoka Mombasa. Nilimwambia Bibi angoje wiki moja. Alingoja tatu. Kila asubuhi aliniuliza, "Yeo zitafika?" nami nikamjibu, "Bado, Bibi." Hata kuinakili kaseti kwenye simu sikuinakili, kwa sababu nilitaka nakala itoke safi mara moja, sio nakala chafu ya kuniaibisha.

Zilipofika uwanja wa ndege wa Manda nilivuka maji mwenyewe kuzichukua. Baada ya adhuhuri nilizichomeka, na sauti ilikuwa safi. Ningemwita Bibi dakika ile. Badala yake nikasikia mlio mwembamba nyuma ya maneno, nikajiuliza kama ni wa hedifoni au wa mashine. Nikachukua zile za zamani nilinganishe. Nikachagua pale karibu na mwisho, kwa kuwa Babu alishusha sauti kisha akacheka, na sauti ya chini hufichua kasoro. Nikasikiliza, nikarudisha nyuma. Nikabadilisha hedifoni, nikasikiliza, nikarudisha. Sikuhesabu ni mara ngapi.

"Tayari?" Bibi aliita kutoka chumbani.

"Bado kidogo!"

Adhana ya alasiri ilikuwa inaanza niliposikia sauti ya Babu ikilegea, ikawa nzito, ikanyamaza. Nilifungua deki. Utepe ulikuwa umejisokota kwenye magurudumu ya ndani, na nilipouvuta kwa pupa ukakatika. Kipande kilichosagika kilikuwa kama urefu wa mkono wangu. Nilikiondoa, nikaunga ncha mbili kwa selotepu.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimweleza. Hakupandisha sauti. Alikuja akakaa karibu nami, akaniwekea mkono begani.

"Basi usilie. Wewe umelisikia mara nyingi. Niambie alisema neno gani."

Nilijua besi ilipanda wapi. Nilijua mlio ulianza sekunde gani kabla ya kicheko chake. Neno lenyewe sikuwa nimelisikiliza hata mara moja.

"Sijui, Bibi," nikamwambia. "Nilikuwa nasikiliza sauti."

Bibi akasema, "Haya. Nivike hicho kilichobaki," akasikiliza upande wote macho ameyafumba. Ilipofika pale, Babu aliruka kutoka katikati ya sentensi hadi mwisho wa kicheko chake mwenyewe, na Bibi akajaribu kucheka naye. Alifanya hivyo kila siku mpaka eda ikaisha. Hajaniuliza tena, nawe usimuulize.

Nasaha yangu ni hii. Kitu kisicho na mfano wake, kinakili kwanza, hata kama nakala ni mbaya, ndipo uanze ufundi wako. Mtu akikuambia, "Inanitosha," mwamini, umpe, kisha uendelee kutengeneza akiwa tayari anacho. Na ukijiona unarudia kazi mara ya sita, jiulize unamfanyia yeye au unaificha hofu yako. Mimi nilisema namfanyia Bibi. Nilikuwa naogopa mtu asiyekuwapo aje aniambie sikujua kuoanisha omu.

Ipeleke barua yako na mwandiko wake huo. Mwenyezi Mungu akupe mikono mizuri, na akupe zaidi ya hiyo sikio linalosikia watu wanasema nini. Akuhifadhi na majuto ya namna yangu. Amin.