Gitaa la Marehemu Baba Lilivyonikataa Mbele ya Watu

Gitaa la marehemu baba lilinikataa mbele ya watu, na ukumbi mzima ni shahidi.

Msinicheke kwanza.

Nyuzi zilikuwa mpya, zimepangwa sawasawa. Ukizipiga bila kubonyeza, tamu. Akibonyeza kaka yangu, asali. Nikibonyeza mimi, kelele tupu.

Mpiga ngoma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mzee kamkana mwanawe huyu."

Ngoja niwape mwanzo wake.

Baba alikuwa mpiga solo wa bendi mpaka alipofariki. Alimwacha mama, kaka, mimi, na gitaa moja la umeme. Kiongozi wa bendi akatuita mimi na kaka.

"Njooni Jumamosi. Atakayelipiga vizuri gitaa lile lile la mzee, kiti ni chake."

Jamani, nilikitaka kile kiti! Sikuwahi kutaka kitu kingine maishani.

Tofauti yetu ilikuwa mikono. Kaka alishinda nyumbani na gitaa mapajani. Mimi nilishinda nafyatua matofali ya saruji, maana lazima mtu mmoja alete chakula. Gitaa nalishika jioni, vidole vimekakamaa. Bendi nzima waliniita Nyundo. Lakini kupiga nilijua, tena nilijua hasa.

Sasa freti zilikuwa zimekwisha. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Baba alikuwa amezipiga mpaka nyuzi zimezichimba. Tukalipeleka kwa fundi.

Fundi yule hana adabu hata kidogo. Akakunja shati, akanyoosha mkono wake.

"Nibonyezeni hapa kama mnavyobonyeza uzi."

Kaka akabonyeza. Fundi akaitikia kwa kichwa, karidhika.

Nikabonyeza mimi.

"We! Unapiga gitaa au unanyonga kuku?"

Akatueleza. Freti zikiwa ndefu, yaani zimeinuka juu ya ubao, mwenye mkono mwepesi anafaidi, uzi anauvuta atakavyo. Lakini mwenye mkono mzito akibonyeza, uzi unazama, unakazika, sauti inapanda kupita inapotakiwa. Huyo anafaa freti fupi, kidole kigote kwenye ubao mapema.

"Gitaa moja, watu wawili," akasema. "Nitaweka za kati. Kila mtu aumie kidogo."

Tukakubaliana. Mimi na kaka tukapeana mikono pale pale.

Jumamosi nilikwenda ukumbini nikitokea kazini, saruji bado kwenye kucha. Mama ndiye aliyepita kwa fundi kuchukua gitaa. Alilileta dakika za mwisho, anahema.

"Fundi kanichelewesha, wanangu."

Kaka akaanza. Alipiga vizuri, sina husda.

Zamu yangu. Nilipoweka vidole tu, nikagundua. Freti zilikuwa zimesimama! Hizi si za kati, hizi ni ndefu!

Nikapiga. Kelele. Nikajaribu kulegeza mkono, mkono ukagoma. Mazoea ya miaka huwezi kuyaacha katikati ya wimbo. Mpiga rizimu akanionea huruma, akanyoosha gitaa lake anipe. Kiongozi akamzuia.

"Anayeogopa gitaa la baba yake hafai kiti cha baba yake."

Watu wakacheka. Nikashuka jukwaani, kiti kikawa cha kaka.

Nje nikamkaba kaka shingoni. "Umebadilisha freti!"

"Naapa kwa kaburi la baba, sijui kitu!"

Nikamtemea mate. Toka siku ile nikamfuta. Alipooa, sikwenda. Alipopata mtoto, sikupiga hata simu. Alituma watu wa kutupatanisha, nikawafukuza mlangoni.

Mama alikuwa anayaona yote hayo. Ananipakulia chakula, ananyamaza.

Mwaka juzi nikakutana na fundi. Nikamvaa: "Kaka yangu alikuhonga nini?"

Akanishangaa. "Kaka yako? Mama yenu ndiye aliyekuja. Alisema mmebadili mawazo, mnataka ndefu kuliko zote."

Nilirudi nyumbani sioni mbele.

Mama alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza. Hakushtuka wala hakulia.

"Ni mimi," akasema, akaendelea kukunja.

"Kwa nini, mama?"

"Kaka yako hajui kitu kingine chini ya jua. Angekosa kile kiti angenifia mikononi. Wewe una mikono ya kazi. Wewe utakula popote."

"Si ungeacha tushindane?"

"Ungeshinda." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Baba yako aliniambia wewe ndiye mpigaji. Huyo mwingine anaigiza tu."

Nilikaa chini.

"Na miaka yote hii unaniona namchukia ndugu yangu bure?"

"Ulipata mtu wa kumchukia, ukatulia," akasema. "Ungejua ni mimi, nani angenilisha?"

Basi.

Nilimpigia kaka siku ile ile kumwomba radhi. Namba nilikuwa nayo, yeye hakuwa na yangu tena. Nilipojitaja, akakata. Simlaumu.

Mama bado yuko kwangu. Leo asubuhi redioni ulipigwa wimbo wenye solo ya kaka. Nikasikia sauti chumbani: "Mwanangu, hebu niongezee sauti, nimsikie ndugu yako."

Nikaongeza. Ningefanyaje? Ni mama.

Funzo ndugu zangu: mtoto anayejiweza ndiye anayeibiwa wa kwanza nyumbani, maana wanajua hatalala njaa.

Na wewe mwenye mkono mzito unayetaka gitaa, weka freti fupi. Ila kwa fundi nenda kalichukue mwenyewe.