Nusu ya Tano

Baba mkwe alifundisha hesabu Kondoa mpaka akastaafu, na alipofiwa na mkewe tulimleta kwetu Miyuji, Dodoma. Miezi miwili hakusema nami zaidi ya "marahaba". Kisha mume wangu, ambaye kazi ilimpeleka Mlali na kumrudisha Jumamosi tu, akaleta mchezo wa ubaoni: mpira wa miguu unaochezwa na majini na mazimwi. Aliununua kwa ajili yake mwenyewe. Tukauteka mimi na baba mkwe, kila alasiri barazani, na mzee akaanza kuongea.

Mpira unapigwa kwa dadu mbili. Moja inaonyesha upande, nyingine idadi ya visanduku. Zimwi langu moja lilikuwa fundi wa kupiga, na kitabu cha sheria kilisema kwa Kiingereza kwamba likipiga, namba ya dadu igawanywe kwa mbili na nusu inayobaki itupwe. Baba mkwe hakukubali kutupa kitu.

"Nusu inapandishwa," alisema. "Hilo la darasa la tano."

Kwa hiyo tano yangu ilizaa tatu badala ya mbili, mpira ukavuka mstari wa pembeni ukatoka nje, naye akapewa bure.

Wiki nyingi nilimeza maneno. Baba mkwe habishiwi. Nilinyanyuka kuangalia maharage yasiyohitaji kuangaliwa, nikarudi, nikakaa, nikanyanyuka tena. Nina hasira za karibu, na upepo wa Dodoma ukianza kurusha vumbi ndiyo huzidi. Siku hiyo nilikuwa naelekea kushinda. Nikatupa dadu, ikaja tano, akausogeza mpira mpaka nje.

"Baba, umekosea! Na umekuwa ukikosea tangu siku ya kwanza!"

Alisoma ukurasa niliomfungulia. Akausoma tena. Akavua miwani, akaenda chumbani kwake uani.

Siku tatu hakuja barazani. Nilimpelekea chakula, akaitikia shikamoo yangu, basi. Siku ya pili nilimsikia akimwambia mwanawe kwenye simu kwamba anafikiria kurudi Kondoa. Nilijuta. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikapika nisichokula. Ubao niliuacha palepale, nikiufuta vumbi asubuhi na jioni.

Siku ya nne akaja na daftari. Kumbe alikuwa akiandika kila mechi, kila dadu iliyotupwa. Sasa alikuwa amelipitia lote kwa kalamu nyekundu. Kando ya hesabu zake mwenyewe alikuwa ameweka alama za kosa, ukurasa baada ya ukurasa, na chini ameandika: Rudia.

"Mechi nne nilishinda kwa mpira niliopewa bure," alisema. "Ni zako."

"Na Kondoa, baba?"

Alivuta kiti chake, akapanga majini yake mstarini.

"Tupa."

Nikatupa. Ikaja tatu. Aliusogeza mpira kisanduku kimoja tu, akauacha.