Minza kaongea darasani, kamsifia jirani

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya darasa zima na wivu bado unanitafuna 😂

Minza wangu wa darasa la tatu mnamjua. Nyumbani ukimuuliza kitu anatikisa kichwa tu.

Leo mwalimu wao katuita wazazi tukawasikie. Ana mtindo wake wa kuwazoesha kuongea: mtoto anasimama, anaelezea mtu anayependa kupiga naye stori, wenzake wanamuuliza maswali. Kisukuma kikimponyoka, marufuku kumcheka.

Nikamnong'oneza Mama Rehema, jirani yangu hapa Kambarage: "Wangu atakuwa bubu huyo."

Minza kasimama. Maneno yanamtoka kama redio! Nikakaa vizuri, kichwa juu.

"Mimi napenda kuongea na Mama Rehema. Tukimenya karanga ananiuliza, halafu ananisubiri nimalize."

Mayu weee, mama yangu!

Mtoto mmoja kadakia: "Na mama yako je?"

"Mama nikianza tu, anamalizia yeye."

Wazazi wote wamenigeukia. Mama Rehema eti anarekebisha mtandio! Nilitamani kuuvuta.

Sasa tumerudi. Nimemkalisha Minza tuchambue mchele, nimefunga mdomo mpaka mashavu yanauma.

Kaniangalia weee. "Mama, unaumwa?"

Nikatikisa kichwa.

Basi kaanza kusimulia, na hajanyamaza mpaka sasa. Nawaandikia nyie ili nisimkatishe.

Wenzangu mnawezaje? Mwenzenu napasuka!