Lunette ya Papa Ambroise

Papa Ambroise alifanya miaka makumi mbili na saba ku Mongbwalu, na watu ya kupima mipaka ya udongo. "Nilikuwa géomètre," njo vile anasemaka. Uongo. Alikuwa anabeba miguu tatu ya mashine, anaisimamisha, anakaa pembeni. Géomètre mwenyewe njo alikuwa anaangalia mu lunette, ile darubini ya mashine. Lakini mutu akibeba miguu ya mashine miaka yote ile, anaanza kuamini kama jicho nayo ni yake.

Kazi ilipoisha, alirudia kwetu Nyakasanza na vitu mbili: kikohozi, na lunette ya fusil, darubini ya kulengea bunduki, zawadi ya mukubwa wake mwenye alikuwaka anawinda na fusil ya baruti. Aliichunga mu soksi ya mutoto.

Siye bamama kumi na moja ya ushirika tuko na kiziwa moja ya samaki mu bonde. Mwaka huu tulitoa mbegu ya samaki, tutoto twa kufuga, mbali, mu bidon, tukaibeba ku kichwa. Ikiisha, hakuna ingine mpaka mwaka kesho. Na ndege mula-samaki ilikwisha kujua njia. Inakaa ku waya yenye kupita juu ya kiziwa, inajitupa mu maji, inatoka na katoto ka samaki mu mudomo. Tukamuchagua Ambroise alinde, kwa sababu ako na fusil ya air, bunduki ya upepo, ile ya kukunja katikati ili resori, springi ya ndani, ikaze. Ata kuua haikukuwa lazima. Risasi ndogo ikipita karibu, ndege inahama.

Juma ya kwanza alipiga na macho tu, bila lunette, ndege zikaanza kuogopa. Halafu kiburi ikamupanda, akafunga lunette juu ya fusil. Siku mbili ilipiga muzuri, akaita watu ya njia muzima wakuje kuangalia. Siku ya tatu risasi ikatoboa ndoo ya Mama Gentille, mwenzetu wa ushirika.

"Ni upepo," akasema.

Majani ya ndizi ilikuwa imelala kimya.

Kila asubui akawa anakaa ku kiti na tournevis ao bisibisi, anageuza vis ao skrubu ya lunette kidogo kuume, kidogo kushoto, sawa vile géomètre wake alikuwaka anapanga mashine. Risasi moja inapita juu, ingine pembeni. Ndege inakula mbele yake. Asubui moja nilihesabu samaki saba zenye kubebwa.

"Papa Ambroise, samaki inaisha."

"Mama Ketsia, weye unajua nini ya lunette?"

"Nilisoma mpaka ya sita primaire tu. Lakini ndege yenye kushiba ninaijua."

Nikabeba fusil, nikaipeleka kwa Étienne, mwenye kutengeneza saa na radio pembeni ya soko. Ambroise akanifuata anakohoa. Étienne akachungulia, akacheka, akanipatia nichungulie. Musalaba mwembamba wa kulengea ulikuwa umekatika upande moja, unaninginia sawa unywele mu supu. Nikatikisa, kioo ikalia ndani.

"Papa," Étienne akauliza, "nani alikuambia uiweke hapa?"

"Ilikuwa ku fusil ya kuua mbogo. Itashindwa na hii ya kuchezea?"

"Ile ya baruti inasukuma nyuma tu, na vioo vilifungwa kwa kuvumilia nyuma. Hii yako inarudi nyuma, halafu resori inafika mwisho, inagonga, fusil yote inaruka mbele. Kila risasi, nyuma na mbele. Kuko lunette ya fusil ya resori. Hii si yake."

"Resori ndogo vile?"

Étienne akamuonyesha vyuma vya kushika lunette. Vilikuwa vimeteleza, vimeacha kovu ku fusil, urefu wa ukucha. Miaka makumi mbili na saba pembeni ya géomètre, na hakuona kama mashine yake inatembea.

"Utaitoa leo," nikamuambia, "ao tunatafuta mulinzi mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mimi."

Akaitoa pale pale, vis moja ikaanguka mu vumbi na hakuna mutu alimusaidia kuitafuta.

Kesho yake alipiga na macho tu. Risasi ya pili ikalia ku waya, ndege ikavuka bonde. Ilirudia mara mbili, akaifukuza mara mbili. Juma ikaisha bila samaki kupotea, na nusu ya mbegu yetu iko muzima, inakua.

Ukipita kule utamukuta ku kiti, lunette yenye kufa inaninginia mu shingo na kamba ya kiatu. Anaambia kila mupitaji: "Niliitoa ili ipumuzike."

Mama Gentille anaziba tundu ya ndoo yake.